Mayai Nyuma ya Diski

Jumatatu, 4 Machi

Balaa nyumbani. Kuku wa Mama Mwenye Nyumba kaacha mayai yake tisa, kahamia uani kwa jirani. Kuna jogoo huko. Mama alikuwa kibarazani ameshika tama, anasema vifaranga walibakiza siku chache tu kutoka.

Mama huyu ni mjane. Nampenda tangu siku ile nilipofika huku ugenini kutoka mashimo ya kokoto, mgongo umeteguka, akanipa ndoo ya maji ya moto bila kuniuliza jina. Tatizo ni moja. Ananiita kaka. Kaka! Neno hilo linanikata maini.

Mkasi, fundi cherehani wa chumba cha pembeni, naye anamnyemelea. Leo alijitolea kuyashonea mayai koti la pamba. Mama akacheka! Ndipo nikaropoka kwamba mimi nitayaangua. Mkasi akauliza kama nitayalalia mwenyewe. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Sina mpango wowote.

Jumanne, 5 Machi

Nimeyalalia mwenyewe. Usiku mzima chali, mayai tumboni chini ya blanketi, sikuthubutu hata kupiga chafya. Asubuhi nimeyavika skafu, nikayatia kwenye mkoba wa chakula, nikaenda nayo kazini.

Na huko mpango ukaja wenyewe! Mimi hufagia chumba cha mitambo, ofisini. Makabati ya chuma yamejaa diski, na ndani ya diski kuna mafaili yote ya ofisi. Mbele ya makabati ni baridi, unatamani koti. Nyuma unatoka upepo wa moto. Nikamwuliza binti anayezihudumia, mimi humwita Daktari, diski zinataka joto kiasi gani. Alifurahi sana, nadhani hakuna anayemwulizaga. Akasema, mjomba, diski ni kama watu. Kwenye thelathini na kitu hivi, hata arobaini, zinachapa kazi bila kununa. Hamsini zinaanza kuugua. Zikifika sitini usishangae zikifa na kila kitu kilichomo. Kila diski ina kipimo chake tumboni, na namba zote zinaonekana kwenye skrini pale mlangoni.

Na ule upepo wa nyuma? Akasema ni thelathini na saba au nane.

Nikaduwaa. Darasa la tano sikulimaliza, lakini kuku nimewafuga. Hilo ni joto la kuku anayeatamia!

Mayai yako nyuma ya kabati la mwisho. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi

Kasoro ndogo. Kuku hapulizi. Ule upepo unayakausha mayai. Nimeyazungushia gunia na kuziba matundu ya hewa, kidogo tu. Sasa kuna utulivu kama kiota chenyewe. Kila nikipiga deki nayarushia matone ya maji.

Skrini inasoma arobaini na nne. Daktari kakunja uso. Nikamwambia pengine ni hali ya hewa. Msimamizi wetu, Kengele (tunamwita hivyo kwa sauti yake), akaamuru baridi iongezwe. Nimefagia upande wa mbele nikitetemeka kama nina homa. Nyuma, raha mustarehe.

Alhamisi, 7 Machi

Arobaini na nane. Daktari kapanda ngazi kukagua kiyoyozi, kakifungua chote, hakuna kibovu. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Niliona haya. Nikataka kusema. Kisha nikamkumbuka Mama, nikaikaza ngazi.

Jioni Mkasi katuonyesha alichoshona. Sanda tisa! Ndogo ndogo, nyeupe, zina pindo! Kasema kila yai litazikwa kwa heshima. Mama hakucheka mara hii. Aliniuliza taratibu, kaka, kweli kuna matumaini? Nikaapa.

Nimeongeza gunia la pili.

Ijumaa, 8 Machi

Loo!

Asubuhi tu, hamsini na mbili. King'ora kikalia, taa nyekundu. Kengele akaingia mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, akabwata kwamba mafaili yote ya ofisi yanateketea na yeye atajibu nini. Ghafla sauti nyembamba kutoka nyuma. Piyo. Piyo piyo. Kengele akashika kichwa: diski zinakata roho, zisikieni zinavyolia! Daktari akasema, bosi, diski hailii hivyo.

Akapita nyuma. Akafunua gunia.

Vifaranga saba! Na mayai mawili yenye nyufa! Mmoja alitoka akitembea kama mkaguzi, akapanda kiatu cha Kengele, akatulia pale. Daktari akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Magunia yalipoondolewa namba zilianza kushuka. Kufika saa ya chai, thelathini na nane. Hakuna faili lililopotea. Kengele aliniita majina ambayo hata kwenye mashimo ya kokoto sikuyasikia. Daktari kanitetea: angalau sasa wanajua king'ora kinafanya kazi. Hukumu: nimesamehewa mara hii. Lakini Kengele akinikuta tena nimeingiza humo kitu chenye uhai, nijue nimejifukuza mwenyewe. Nikaapa kwa mikono miwili.

Jioni nilifungua mkoba mbele ya Mama. Wote tisa! Akapiga kigelegele, majirani wakatoka. Kisha akaniita Baba Vifaranga. Si kaka. Baba Vifaranga! Mkasi kaambiwa afumue sanda, ashone mito ya vifaranga. Ameshona. Kwa uchungu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mbili nimetembea bila mgongo kuuma.

Lakini leo Mama ameshika tama tena. Maziwa anayouza yanachacha kabla ya adhuhuri kwa joto hili. Mkasi, hana haya, kajitolea kushonea ndoo kanzu ya kitambaa chenye maji. Mama akaanza kutabasamu! Nikamkatiza. Nikasema, mwachie Baba Vifaranga.

Upande wa mbele wa makabati bado ni baridi tamu. Na nimeyapima maneno ya Kengele, neno kwa neno. Alikataza kitu chenye uhai. Maziwa hayana uhai.

Kesho naondoka na ndoo. Nitaiweka juu kabisa ya kabati, isije ikapigwa teke.