Siku Belarmino Alipoosha Cheni kwa Sukari Guru

"Likitu hilo haliingii humu!"

"Mama, ni baiskeli, siyo nguruwe."

"Nguruwe ana nafuu. Lilale hukohuko nje."

"Nje mvua inakuja! Cheni itashika kutu, na kesho ndiyo kesho, tunapanda mlima na Eliécer!"

"Basi utapanda kwa miguu. Binamu yako akikupita, mpungie mkono."

Haya, kaeni vizuri, nyie mliozoea kuhadithiwa wafalme na mapanga yao! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, msikie vita vya Belarmino mwana wa Custodia, Mpasua Upepo, Mtafuna Miinuko, aliyepanda kilele cha El Cuervo asubuhi hiyo na kurudi na nusu ya kilele imeganda kwenye spoki. Huko milimani Boyacá baiskeli hailali nje. Inalala sebuleni, chini ya picha ya Bikira, penye taa. Ila Mama Custodia, Malkia wa Sakafu Iliyopigwa Nta, alikuwa na sheria moja, tope haliingii ndani, na sheria hiyo haikuwahi kuvunjwa na mtu akabaki na hamu ya chakula.

Shujaa akakunja suruali. Akatwaa silaha zake: mswaki uliokwisha meno, fulana kuukuu ya marehemu babu, na kopo la mafuta ya taa. Akaipindua baiskeli magurudumu juu kama mateka, akavamia. Tope likapigana! Likajificha nyuma ya breki, likachimba mahandaki kwenye meno ya gia, likamrukia jichoni. Akaling'oa kambi kwa kambi, akitukana kwa sauti ya chini, maana mama anasikia.

Ikabaki cheni tu, na cheni inataka maji ya moto. Tazama, dirishani kuna sufuria inafuka mvuke! Hakuuliza. Shujaa gani anauliza? Akamimina yote.

Cheni ikang'aa kama dhahabu. Kisha ikaanza kunata. Kisha akaja nyuki mmoja. Kisha wakaja ndugu zake.

"Mama! Sufuria ya dirishani ilikuwa na nini?"

"Maji ya sukari guru. Yako hayo, ya kukurudishia nguvu. Belarmino, umekunywa?"

"Yameisha, Mama."

"Yameisha. Sasa mbona nyuki wanasali misa uani kwangu?"

Tone la kwanza la mvua likamdondokea kisogoni. Hapo wanaume wengine wangelia. Yeye akachemsha maji kwenye jiko la uani, safari hii akayaonja kwanza, akaanza upya, pingili moja baada ya nyingine, zaidi ya mia, nyuki masikioni, mvua mgongoni. Akaisogeza upenuni, akakausha. Akatia oili, kila pingili tone lake, akafuta iliyozidi. Akapiga kelele kama mtu aliyeteka mji:

"Ee Custodia, mama wa mabingwa! Njoo uone tope lililolala chali! Toka na macho yako makali, ukiona hata punje moja, mpe Eliécer baiskeli!"

"Punguza kelele, majirani watadhani umeoa."

Akatoka na leso yake nyeupe ya kanisani. Akaipitisha kwenye cheni, taratibu, kama hakimu. Leso ikatoka na mstari mmoja, mwembamba kama unywele.

"Na hii?"

"Oili, Mama. Oili siyo tope."

Akautazama ule mstari. Akamtazama mwanawe. Mvua nayo ikangoja.

"Haya. Iingie."

Andikeni, enyi waandishi! Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, baiskeli ya Belarmino ilivuka kizingiti bila doa, nyumba ikasimama, milima ikashuhudia! Mama Custodia aliisukuma kwa mkono wake mwenyewe, akaiegemeza chini ya Bikira, akaipangusa tandiko.

Belarmino akainua mguu afuate.

"Wee! Wapi?"

"Ndani, Mama. Nimelowa."

Macho ya mama yakashuka hadi kwenye viatu vyake, ambako tope la El Cuervo lilikuwa bado halijatekwa.

"Nimesema iingie baiskeli."

Akamrudishia mswaki mkononi, akageuka, akaenda zake jikoni.