Siri ya Kamba wa Mbuchi

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Tangu serikali iachie biashara, delta nzima inanitegemea mimi, Tamimu. Wakubwa wa wilaya kule Utete wana ofisi, mimi nina wavuvi sita wa kamba! Jumamosi Bwana Mfaume, mnunuzi, anakuja na boti la barafu kutoka Dar kuchagua wakala mmoja wa kumkusanyia kamba. Swalehe, jirani yangu, naye anautaka uwakala. Leo nimemkuta kainamia daftari langu: mvuvi gani, kijito gani, maji saa ngapi. Eti anatafuta kiberiti. Lazima nilifiche.

Jumanne
Nimeliandika upya lote kwa herufi za Kiarabu. Akili hiyo! Mke wangu Rukaiya kalisoma mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Kaniuliza kama nimesahau kwamba Mbuchi nzima tumepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na Swalehe ndiye aliyetangulia kuhitimu.

Jumatano
Sasa natumia tarakimu. Kila herufi ina namba yake, na kila mstari namba zinahama. Jeshi likisikia litaniita. Gharama: kalamu mbili, siku nzima, na wavuvi sikuwafuata. Faida: mimi pekee ndiye ninayejua.

Alhamisi
Karatasi ya ufunguo nimeichoma jikoni. Usalama kwanza. Rukaiya kasema, "Haya, baba wa siri."

Ijumaa
Daftari limeibwa nikiwa msikitini! Alasiri Swalehe kalirudisha mwenyewe, macho mekundu. Kasema, "Chukua kitu chako, sheikh, kinaniumiza kichwa." Ushindi! Nimezunguka kijiji mara tatu nalo kwapani.

Jumamosi
Bwana Mfaume kafika. Kaniuliza kamba wako wapi. Nikafungua daftari. Nikalifunga. Nikalifungua. Barafu inayeyuka. Kachungulia, kauliza kwa upole, "Mzee wangu, hizi ni namba za simu?" Hapo Swalehe akatokea na matenga manne ya kamba. Alikwenda vijitoni tangu alfajiri, akamuuliza kila aliyemkuta. Wakamwonyesha! Watu hawana siri kabisa. Uwakala kachukua yeye.

Jumapili
Nimechunguza kosa. Siri ilikuwa nyepesi mno. Daftari jipya litakuwa na tarakimu juu ya tarakimu, na ufunguo nitauchoma mapema zaidi. La zamani nimelisoma kutwa, mbele na nyuma, nikapata neno moja tu: Tamimu.

Na hata hilo kalisoma Rukaiya, si mimi.