Nyapara Cleopa na Vitabu vya Piano

Katika mashamba yote ya mkonge ya Kilosa hapakuwa na mtu aliyeijua piano kama shemeji yangu Cleopa. Alijifunza kwa kuibeba. Siku iliposhushwa stesheni kwa ajili ya bibi wa meneja, wanaume wanane waliishika, naye akapata mguu wa nyuma. Alipoutua barazani kwa mzungu, alikuwa ameshahitimu.

"Piano ina tumbo, shemeji," aliniambia kila alipokuja kula kwangu. "Nimelisikia likinguruma."

Kazi yake ilikuwa unyapara wa upandaji. Ukimwona na fimbo yake ungedhani gavana amekuja kukagua gwaride. Akikuta mche umetoka kwenye mstari hata kwa upana wa kidole, husema, "Umepinda. Ng'oa, panda upya." Na siku hiyo kipande chako, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakitiwi alama. Mume wangu Damiano ni kaka yake wa tumbo moja, naye alinyimwa.

Basi bibi wa meneja akawa anarudi kwao Ulaya. Akasema piano anawaachia watoto wa shule yetu ya shambani, kwa sharti moja: Jumamosi, kabla hajaondoka, amkute kila mtoto na kitabu chake cha mazoezi ya nota. Asipowakuta navyo, lori la kambi ya barabara kule Mikumi litaipakia, maana mzungu wa huko ameshaiomba.

Mwalimu Hildegarda, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa na kitabu kimoja tu cha nota, hakina hata jalada. Na wiki ile homa ilikuwa imemlaza. Cleopa akajitolea kwenda Kilosa mjini kununua.

"Utavijua?" Mwalimu akamuuliza kutoka kitandani.

"Mwalimu, mimi nimeibeba."

Mwalimu akanigeukia. "Mama Fausta, nenda naye."

Jumanne, dukani, nikiwa na mwanangu mchanga Fausta kifuani, mwenye duka alitutandazia aina tatu. Cleopa akafungua cha kwanza. Mistari mitano mitano, na nukta nyeusi zimetapakaa: nyingine juu ya mstari, nyingine katikati, nyingine zinaning'inia chini kabisa.

"Nani alipanda hapa?"

"Hicho ni kizuri, bwana. Mwanafunzi anasoma, anajaza majibu."

"Kizuri? Hii imetoka kwenye mstari. Hii nayo imetoka. Hili shamba la mlevi."

Cha pili kilikuwa kibaya zaidi, nukta zilikuwa na mikia. "Magugu," akasema, akakifunga.

Akafungua cha tatu. Mistari imenyooka toka ukingo hadi ukingo, safi, bila nukta hata moja. Akavua kofia.

"Hili ndilo shamba."

"Shemeji," nikamwambia taratibu, "mbona hakina kitu?"

"Kimepaliliwa, shemeji. Wewe nyonyesha."

Nikanyonyesha. Akachukua ishirini, akavifunga kwa kamba ya mkonge.

Tuliporudi, Mwalimu aliweza kuketi. Akafungua kitabu cha kwanza, cha pili, cha tano. Kisha akamnyooshea Cleopa kimoja. "Hebu niimbie ukurasa huu."

Cleopa akakohoa. Akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. "Hapa ni mapumziko, Mwalimu."

Mwalimu akafunua mbele. "Na hapa?"

"Mapumziko ya mchana."

"Na kitabu kizima?"

"Labda wamekwenda likizo."

Mimi nilimfunika Fausta uso ili nijifunike wangu.

"Cleopa," Mwalimu akasema, "haya ni makaratasi ya kuandikia nota. Umeninunulia shamba tupu, na gari la mjini ni hadi Jumatatu. Sasa utalipanda mwenyewe." Akampa kile kitabu chake kisicho na jalada, anakili masomo manane ya mwanzo, mara ishirini. Meneja akakubali: kwa siku tatu zilizobaki kabla ya Jumamosi, kipande cha Cleopa atakitia alama Mwalimu.

Akakaa kwenye meza yangu ya barazani, ulimi nje, kalamu mkononi, akipanda nukta moja moja. Kila mchana Mwalimu alikuja amejitanda blanketi, na rula mkononi. "Hii inakaa kati ya mistari, wewe umeipandisha juu. Umepinda. Futa, panda upya."

Wapandaji wakitoka kazini walisimama uani kwangu, safu nzima, hakuna aliyecheka kwa sauti. Damiano peke yake ndiye aliyemuuliza, "Mdogo wangu, ngwe ya leo utaimaliza?"

Jumamosi bibi wa meneja alihesabu watoto ishirini, vitabu ishirini. Lori likarudi Mikumi tupu. Piano ikabebwa hadi shuleni, na safari hii Cleopa hakugusa mguu wowote.

Alimfuata Mwalimu na kipande chake. Mwalimu akafungua kitabu cha ishirini, somo la nane, akaweka rula, akamwonyesha nukta mbili zilizopinda.

"Lakini Mwalimu, bibi ameshavikubali!"

"Bibi hakuwahi kupanda mkonge. Sheria hii ni yako."

Jioni akaja kula. Akaniwekea kadi ile mezani, vijumba vitatu vya siku zile, vyeupe, vimefuatana.

"Shemeji, kitazame kipande changu. Hakina kitu."

Nikamsogezea sahani. "Kimepaliliwa, shemeji. Wewe kula."