Vita vya Lastiki katika Lupango wa Papa Pontien

Je, ninyi mnaolamba mchuzi wa visamaki vya ndakala vidoleni, mmekwisha kusikia jinsi goti moja lilivyotaka kuupindua ulimwengu? Hamjasikia. Basi sogezeni vigoda, mpisheni paka, mtege masikio yote mawili. Maana habari hii haina mfalme wala mzinga, nayo imezishinda habari za wafalme na mizinga kwa vumbi na makelele. Ewe ulimi, usiteleze. Nanyi meno machache mliosalia langoni, simameni imara, maneno yasimwagike!

Zamani zile za Zaire, majina ya ubatizo yalipokatazwa maofisini nayo yakaendelea kuitwa jikoni, palikuwa na lupango mmoja karibu na stesheni ya Kalemie: nyumba ya matofali, uwanja uliofagiwa, na ua wa matete. Mwenye lupango ni Papa Pontien, mkubwa wa mafundi wa reli, Bwana wa Abakosti Iliyopigwa Pasi, lile koti la wakubwa lisilo na tai, mtu ambaye akikohoa, hata jogoo hukatisha wimbo wake akafikiri upya.

Katika uwanja huo alitawala mjukuu wake, Viviane, Mwenye Miguu ya Korongo, ambaye tangu vakansi, likizo ya wiki moja, ianze hakuna aliyemshinda katika mchezo wa lastiki. Na mshindani wake ni Mujinga, binti mgeni kutoka Mpala, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake jirani. Kimo chake, debe la mawese na kifuniko chake. Lakini moyo wake, ee wasikilizaji, moyo wake ulikuwa pipa.

Lastiki yenyewe haikutoka dukani. Siku ya Jumatatu, vakansi ilipoanza, Viviane alitwaa mkasi wa bibi yake, akaivamia kamba ya kuanikia nguo, na huko akazikuta kaputula za ndani za Papa Pontien, zote, jamii nzima, zikikauka bila mlinzi wala silaha. Hakuhurumia kubwa wala ndogo. Alifumua mishono, akavuta matumbo yao, lastiki nyeupe yenye mstari wa bluu katikati, akayaunga fundo kwa fundo mpaka yakawa duara moja refu la kutosha vita.

Tangu siku hiyo Papa Pontien alitembea mkono mmoja mfukoni, ameshikilia mambo yake kwa ndani yasishuke, hatua fupifupi, kama mtu aliyebana yai kati ya mapaja. Aliijua lastiki yake. Aliuona ule mstari wa bluu ukicheza juani. Kila jioni alikuja uwanjani, akasimama, akakohoa.

"Watoto."

"Kambo!" aliitika Viviane, maana ndivyo alivyomwita babu yake.

Akaitazama lastiki. Midomo ikafunguka. Lakini mkubwa wa mafundi atasemaje neno *kaputula* mbele ya wasichana wadogo?

"Mumekula?"

"Tumekula, Kambo."

"Njo vizuri, ndiyo vizuri," akasema Papa Pontien, akarudi ndani na mkono wake mfukoni.

Sasa sikilizeni sheria, maana hapo ndipo damu ya vita hivi ilipochemka. Upande mmoja lastiki ilifungwa kwenye mti wa kamba ya nguo, upande wa pili ilizungushwa mwilini mwa yule asiyeruka. Ilianza chini kwenye kifundo cha mguu, ikapanda gotini, ikapanda pajani, ikapanda kiunoni. Na kila ilipopanda, kuruka kulizidi ugumu. Anayekosea anakuwa nguzo, ndiyo poto, anamshikia mwenzake. Lakini vipimo vyote vilikuwa vya yule anayeshika! Mujinga alipokuwa poto, lastiki ya kiuno chake ilimfikia Viviane gotini, naye aliivuka huku akitafuna muwa. Viviane alipokuwa poto, lastiki ya goti lake ilimfikia Mujinga kiunoni, naye aliikabili kama mbuzi anayekabili ukuta wa kanisa. Hivyo aliyekuwa na nguvu alirahisishiwa, na aliyekuwa mdogo alijengewa mlima. Vakansi nzima Mujinga alianguka, akasimama akawa poto, mpaka jina lake likasahaulika. Walimwita Poto. Hata kasuku wa jirani alimwita Poto.

Ikafika Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, mafagio yamerudi pembeni. Kesho yake Mujinga angepanda mashua ya kwenda kwao.

"Poto!" akanguruma Korongo. "Kuja simama, nianze!"

"Siji."

Kuku wakaacha kuchakura.

"Poto inakataaga tangu lini?"

"Tangu leo. Nakuuliza, Viviane: goti ya nani?"

"Goti njo goti!"

Ndipo Mujinga akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, maana msemaji lazima aonekane, akahutubia: "Goti yako njo kiuno yangu! Na kiuno yangu njo goti yako! Weye unarukaka magoti mpaka mwisho. Mi naanzia kiunoni, namalizia mbinguni! Kesho ku Mpala wataniuliza, Mujinga, ulifanya nini ku Kalemie? Niwajibu nilikuwa mti?"

"Weye mufupi, nani alikukataza kukomaa?" akajibu Viviane. "Mi nitakata miguu juu yako?"

Mama Cécile, mke wa Papa Pontien, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kingine, akaushusha mchi wake. "Papa Pontien! Kuja ukate hii maneno, sombe inaharibika!"

Akatoka Papa Pontien, mkono mfukoni. Wakamletea lastiki kama ushahidi, wakamwekea mkononi. Aliipapasa. Aliutambua hata uzi wa fundi. Kaka yangu, uso ule! Kama mtu aliyekutana na ndugu yake gerezani. Akakohoa mara moja, akaanza kwa sauti ya mikutano:

"Muangalie hii lastiki. Lastiki ni kitu cha haki. Fundi akitaka kuishona ku... ku nguo, nguo yoyote, sisemi gani, anapima kiuno cha nani? Cha mwenye kuivaa! Fundi hawezi kupima jirani, halafu anivalishe mimi. Nitatembea namna gani? Hm? Nauliza: nitatembea namna gani?"

"Pole, Papa Pontien," akasema Mujinga, ingawa hakujua pole ya nini.

"Basi vilevile na kuruka. Kila mumoja ataruka goti yake mwenyewe na kiuno yake mwenyewe. Cécile atashika, apandishe na kushusha. Nimekata."

Mama Cécile akashika. Viviane akatangulia, akicheka. Kifundo, akapita. Goti lake mwenyewe, akapita, lakini muwa ukamtoka mdomoni. Paja, akapita akihema. Ndipo Mama Cécile akapandisha mpaka kiunoni, kiuno cha Korongo chenyewe, mahali ambapo miguu ile haikuwahi kupanda tangu izaliwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitaka ipande. Viviane akakimbia, akaruka, goti likanasa, kisigino kikanasa, shingo nayo, sijui ilifuata nini, ikanasa. Akalala vumbini amefungwa kama furushi la samaki wa Zongwe.

Sasa zamu ya mdogo. Kifundo! Goti! Paja! Alizipita kama anavuka vijiti. Mama Cécile akapandisha mpaka kiuno cha Mujinga. Na hapo, ee wasikilizaji, Mujinga akaitazama lastiki akaikuta ni rafiki wa zamani. Si ndiyo ile ile waliyoiita goti vakansi nzima? Si ndiyo iliyomwangusha asubuhi na jioni, ikamfundisha bila yeye kujua? Alirudi nyuma mpaka mlango wa choo. Akafunga kitenge. Akaja, vumbi nyuma yake kama treni ya Kabalo, kisigino kikaikamata lastiki, kikaikalia, mguu wa pili ukafuata, na tazama! yuko ng'ambo.

Hapo mchi ukapigwa kinuni, jogoo akawika saa isiyo yake, shangazi akapiga vigelegele juu ya ua wa matete. Viviane, bado amefungwa mafundo ya aibu, akainua kichwa, akasema polepole: "Mujinga... umepita." Jina likarudi kwa mwenyewe mbele ya mashahidi, na tangu saa hiyo miaka ya lupango ule ikahesabiwa kutoka siku Mujinga alipovuka kiuno. Kasuku peke yake hakubadilika. Huyo alikuwa mpinzani wa serikali zote.

Na Papa Pontien, kwa furaha ya haki aliyoikata, akapiga makofi. Makofi makubwa. Kwa mikono yote miwili.

Kisha akasimama ghafula. Magoti yakagusana. Macho yakatazama mbali, kuelekea ziwani.

"Papa Pontien," akasema Mama Cécile, "uko mugonjwa? Wiki muzima unazunguka hapa unakohoa. Unataka nini?"

Bwana wa Abakosti akawatazama wasichana, akamtazama mkewe, akashika suruali kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Lastiki," akasema. "Cécile, nataka lastiki ya kaputula yangu."