Makofi ya Upande wa Kushoto

Wizara ilitangaza kwa fahari kwamba ukumbi wake mkuu haukuwa na hitilafu yoyote ya sauti. Ulichokuwa nacho ni "mgawanyo wa usikivu usio linganifu." Kwa lugha ya mtaani, spika za kushoto zilikuwa bubu kama gunzi.

Mkurugenzi wa Sauti, mtu wa tai pana na moyo mwembamba, alimwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa vyombo vya muziki. Fundi akachomoa nyaya nyuma ya amplifaya na kuzibadilisha: wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Spika bubu zikaimba. Zilizokuwa zikiimba zikafyata ulimi.

"Spika nzima, nyaya nzima," alisema akizirudisha zilipokuwa, bisibisi mdomoni. "Ugonjwa uko kwenye tundu la kushoto la amplifaya. Lehemu imeachia tu. Sasa hivi nachomelea."

"Subiri kwanza, shemeji. Kamati haijakaa."

Kamati ikakaa. Mwenyekiti wake, Katibu Mkuu, alikuwa amefanya utafiti. Kila Waziri alipohutubia, waliokaa kushoto ndio waliopiga makofi ya kupasua dari. Wa kulia, waliosikia kila neno, walikuna vichwa. Mmoja alithubutu kuuliza swali.

"Sasa ndugu wajumbe, upande mbovu ni upi?"

"Kulia!" wakajibu kwa sauti moja.

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Upuuzi aliujua akiuona. Lakini kiti chake nacho alikipenda.

"Shemeji," alinong'ona, "hebu ua na sauti ya upande wa kulia."

"Niue sauti? Mimi kazi yangu kufufua. Zima mtambo, basi."

"Taa za mtambo lazima ziwake. Mheshimiwa anapenda kuona taa."

"Haya, fanya mwenyewe. Ila nyaya za spika zisigusane, utauchoma huo mtambo." Akafunga begi lake akaondoka.

Mkurugenzi akazichomoa mwenyewe nyaya za kulia kwenye spika, akaziacha zinaning'inia. Zikagusana.

Siku ya hotuba ukumbi ulifurika. Waziri akafungua mdomo, hakikutoka kitu, ukumbi ukalipuka kwa makofi pande zote mbili. Katibu Mkuu akafuta chozi. Waziri, kwa kuchangamshwa, akazidi kupaza sauti, na amplifaya iliyokuwa jukwaani, karibu na miguu yake, ikazidi kuhangaika hadi ikaanza kufuka.

Moshi ukapanda miguuni pa Waziri. Watu wakapiga vigelegele: wizara safari hii imeleta mpaka mapambo! Moto ukadaka suruali ya Waziri; akapunga mikono, akaruka, akaelekeza kidole chini. Ukumbi mzima ukasimama. Alivyozidi kupiga kelele ndivyo makofi yalivyozidi kumfunika.

Mkurugenzi peke yake ndiye aliyeelewa. Mwishowe akakurupuka na mtungi wa kuzimia moto, akammwagia povu Mheshimiwa kuanzia kiatu hadi nywele. Moto ukazimika. Makofi hayakuzimika.

Nyuma ya pazia, Waziri alikuwa akikohoa, suruali imeungua hadi gotini.

"Nimewaambia naungua! Nimewaomba maji! Hakuna aliyesikia?"

Mkurugenzi akasimama wima, akarekebisha tai yake.

"Hotuba imepokelewa vizuri sana, Mheshimiwa. Hasa hapo kwenye maji."