Stendi ya GPS Katika Gari la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Kura imeniangukia mimi! Gari la marehemu baba mkwe linalala kwangu wiki nzima.

Mama mkwe alituita jana, mimi na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Akatuketisha sebuleni kama watoto waliovunja kioo. Akasema yeye kuendesha hajui, na hataki kulitazama gari likiota kutu uani. Marehemu alimwahidi kwamba siku moja angemrudisha kwenye ile nyumba ya pampu ya maji walikoanzia maisha yao. Akafa kabla. Njia yenyewe Mama haikumbuki, barabara zote zimebadilishwa. Basi kwa kura tuliyopiga, Jumamosi nimpeleke mimi, Jumapili ampeleke mwanyumba, na atakayemfikisha, gari ni lake.

Mwanyumba akasema atajaribu, Mama. Atajaribu! Huyu ndiye tunayemwita Taratibu, maana huendesha gari kana kwamba barabara imelala naye hataki kuiamsha. Nilicheka moyoni. Ni kweli mimi nina tabia ya kupotea. Niliwahi kupotea nikitoka kazini kurudi nyumbani. Lakini leo nimenunua GPS. Ya mtumba, ila nzuri, ina sauti ya mwanamke mwenye adabu. Imebaki stendi tu ya kuishikiza kwenye dashibodi. Hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 4 Juni

Si jambo dogo. Dogo ni gari lenyewe. Dashibodi yake haizidi sinia la chai.

Muuza vipuri alinipa kibanio cha kubana kwenye tundu la upepo. Akaapa hakitingishiki hata kwa tetemeko la ardhi. Nikakibana upande wangu, upande wa usukani. Nikaandika "nyumba ya pampu" kwa kujaribu tu, kwa sababu muuzaji aliniambia mahali pasipo na jina rasmi mashine haiwezi kupajua. Kabla sijamaliza neno la mwisho, njia ikatokea yote, ya bluu, mpaka mwisho wa ramani. Setilaiti za siku hizi zina kasi!

Niliegesha, nikaingia dukani kununua maziwa. Nilipotoka, GPS ilikuwa imehamia tundu la kushoto, imekigeukia kiti cha abiria. Milango nilikuwa nimefunga. Nikairudisha kwangu, njia ya bluu ikafutika. Nikaigeuza kushoto, ikarudi. Nikaigeuza tena kwangu, kioo kitupu. Imeninunia kama mke wangu ninaposahau kuzima jiko. Kesho namrudishia yule muuzaji kibanio chake.

Jumatano, 5 Juni

Ukungu asubuhi. Kiti cha dereva nimekikuta kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Miguu yangu inaning'inia, klachi naiona kwa mbali. Kioo cha kutazamia nyuma kimeinuliwa, kinanionyesha dari. Marehemu alikuwa mtu mrefu ajabu, na hivi hasa ndivyo alivyokuwa akikaa. Nikaelewa mara moja: Taratibu ana ufunguo wa akiba! Anaingia, ananichezea. Mnafiki mkubwa.

Nimebadilisha stendi. Hii ya sasa ina mpira wa kunyonya kwenye kioo cha mbele. Muuzaji alinishauri niulambe kwanza ndipo ushike. Nikaulamba. Una ladha ya kandambili. Ukashika.

Jioni nilimpitia mke wangu kazini ili nimwonyeshe. Mvua nyembamba, barabara inang'aa. Tulipokaribia njia panda, GPS ikakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, kisha ndipo yule mwanamke akasema kata kulia. Nikamwambia mke wangu ni vumbi kwenye spika. Alikuwa amekikazia macho kile kidude. Akaniomba kwa sauti ndogo nisimamishe gari. Akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, bila mwavuli.

Baadaye akaniambia baba yake alikuwa akikohoa vile vile kabla ya kusema neno. Nikamwambia watu wengi hukohoa. Akaniuliza kama na mashine hukohoa. Nikamwambia za mtumba hukohoa. Damu ilinisisimka nilipokuwa nikisema hivyo, lakini nikajikaza kisabuni.

Alhamisi, 6 Juni

Mtego! Jana kabla ya kulala nilimwaga unga wa ngano kwenye zulia la gari, chini ya usukani, nikausawazisha vizuri kwa rula. Leo asubuhi unga uko vile vile. Hata mjusi hajapita. Na kiti kimerudi nyuma.

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Halafu nikaelewa. Taratibu amejifunza kuingia bila kukanyaga chini. Mtu mwenye subira kama yake anaweza lolote!

Nikampigia simu, nikamzungusha kwa maneno mpaka nikamwuliza jana usiku alikuwa wapi. Akasema yuko hospitali, binti yake ana homa kali, wamelazwa tangu Jumanne. Nikampa pole. Hakosi majibu, yule.

Halafu ile stendi ya mpira. Nimeikuta imebanduka na kuanguka. GPS yenyewe iko juu ya kiti cha abiria, imelazwa chali, kioo kinawaka. Betri niliitoa mwenyewe jana nikaitia mfukoni. Nikapapasa mfuko. Betri imo. Nilikaa kitambo nikiishika huku nikiitazama ile njia ya bluu.

Bila shaka ina betri ya pili ndani. Watengenezaji wajanja sana.

Ijumaa, 7 Juni

Stendi ya tatu. Kimto kizito kilichojazwa mchanga, unakilaza juu ya dashibodi, hakihitaji kubana wala kunyonya. Muuza vipuri sasa akiniona huanza kutabasamu nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa naendesha kwenye barabara iliyonyooka. Hakuna kona, hakuna tuta. Kimto kikaanza kusogea. Polepole, kuelekea kushoto, mbele ya macho yangu, kama mtu anayemsogezea mwenzake sahani mezani. Kikafika mbele ya kiti cha abiria, kikatulia. Kioo kikawaka bluu.

Nikaegesha. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa sana. Nikasema kwa sauti kwamba kwenye kiti kile hakuna mtu. GPS ikakohoa.

Mtu mwingine angerudisha ufunguo palepale. Mimi nilipiga moyo konde nikaenda kwa fundi viatu. Nimenunua gundi ya kubandikia soli. Stendi zote nimezitupa, nimeibandika GPS moja kwa moja kwenye dashibodi, upande wangu, inaniangalia mimi uso kwa uso. Fundi ameniambia gundi ile ikishika imeshika. Safi kabisa. Dereva ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe alitoka amevaa gauni lake la kutokea na marashi ambayo hajayapaka tangu msiba. Akaketi mbele, kushoto. Akafunga mkanda, mikono akaiweka mapajani. Niliona jinsi alivyokuwa na hamu. Nikawasha GPS. Kioo kitupu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mama, setilaiti zinajipanga.

Tulipotoka mjini ikakohoa. Mama akashtuka, akauliza nani amekohoa. Nikamwambia ni mashine, Mama, ina vumbi. Kisha akaniomba nikigeuze hicho kidude upande wake, hata kidogo tu. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hii ni kazi ya dereva, yeye atulie afurahie mandhari. Akaomba tena. Nikasema nimeibandika kwa gundi, haigeuki. Akanyoosha mkono, akaigusa pembeni kwa vidole viwili, kama unavyogusa paji la mgonjwa. Ikakohoa tena, safari hii kwa upole. Mama machozi yakamtiririka. Nikajua ni harufu ya gundi. Nikamfungulia dirisha.

Tulipotea vibaya. Kituo kimoja cha mafuta tulikipita tena na tena mpaka wauzaji wakaanza kutupungia mikono. Mlinzi wa shule fulani alitufungulia geti akidhani tunaishi humo. Jua likashuka, barabara ikawa vumbi, vumbi likawa kokoto, na mwisho tukajikuta kwenye ukingo wa machimbo, mashine zimezimwa, hakuna mtu. Kioo cha GPS kilikuwa cheusi. Mle ndani niliona uso wangu tu.

Mama akasema nimrudishe nyumbani, mwanangu. Hakukasirika hata kidogo. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Jumapili, 9 Juni

Bado sijashindwa! Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Nitamwazima Taratibu GPS. Bila stendi! Iteleze huku na huku, yeye aiinamie kila kona, aingie mtaroni. Basi hakuna atakayefika, na Mama itambidi aanze upya. Niliing'oa kwa kisu cha jikoni. Imetoka na kipande cha dashibodi.

Nikampelekea asubuhi kwa tabasamu, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia sisi ni ndugu. Akashukuru kwa moyo. Macho yamemwiva, binti ameruhusiwa jana kutoka hospitali. Akaitazama GPS, akaitazama dashibodi, wala hakusumbuka kutafuta pa kuiweka. Akampa Mama, aliyekwisha kuketi mbele, aishike mapajani. Halafu akamwuliza, tupite wapi, Mama? Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Dereva mzima anamwuliza abiria njia!

Wamerudi alasiri. Walifika. Bila kurudi nyuma hata mara moja. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma, hataki kunisimulia, lakini nimemchokonoa. Anasema kwenye kila njia panda ilikohoa, na Mama akaitikia abee, kama alivyokuwa akimwitikia mumewe, kisha akamwelekeza Taratibu kwa kidole. Pampu imeshang'olewa, umebaki msingi. Nyumba ipo. Vyumba viwili, haina mlango. Mama aliketi kizingitini akacheka na kulia. GPS ilizimika palepale walipofika, na tangu hapo haiwaki.

Jioni tukaitwa sebuleni. Ufunguo amepewa Taratibu. Alipokwisha kuupokea, Mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole kile kidude kilikuwa kikifanya nini kwangu wiki nzima. Nikamwambia ukweli. Kilikuwa kinakohoa, na kila nikikiweka kinageukia kiti cha abiria.

Akanitazama sana.

"Wiki nzima ulikuwa naye garini, mwanangu," akasema, "na mimi niko hapa mtaa wa pili. Hukuona hata siku moja unipitie?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika nilikaa gizani bila kuvua viatu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelala vibaya, lakini nimeamka na jibu. Kosa lilikuwa stendi!

Kibanio kilishindwa. Mpira ulishindwa. Mchanga ulishindwa, gundi ikashindwa. Kilichoweza ni kitu gani? Paja! Paja la mama mkwe. Na nimezunguka maduka yote ya vipuri, nathibitisha: stendi yenye umbo la paja haipo. Haijawahi kutengenezwa! Nitakuwa wa kwanza. Magari madogo yote yatakuwa nayo. Nitanunua gari langu mwenyewe, jipya, na Taratibu abaki na lile lenye tundu kwenye dashibodi.

Kabla ya kazi nimepitia kwa fundi makochi. Sponji nzito, kitambaa laini, mikanda miwili ya kufungia kwenye kiti. Akaniuliza paja la kipimo gani. Nikamwambia lile lile lililofika. Akaweka mkasi chini, akanitazama. Kisha akasema, haya, lete vipimo.

Nikamwomba mke wangu, kwa adabu kabisa, ampime mama yake. Ametia nguo mbili kwenye mkoba, amekwenda kukaa kwa dada yake. Taratibu ndiye aliyekuja kumchukua, na aliposimama nje alipiga honi kidogo sana, eti asinisumbue.

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Nikamtuliza kwamba ni upana tu, na urefu kuanzia gotini. Simu ikakatika. Mtandao leo ni mbovu. Si neno, futi kamba ninayo mfukoni, na nikitoka kazini nitampitia.