Ukumbi wa Sufuria

Jamani, leo nimerudi nyumbani kwa vichochoro, uso nimeufunika kwa gunia.

Mnaujua mtaa wetu wa zamani: nyumba za mawe, vigae vyekundu, kila kitu kimekaa chini kwa heshima zake. Sasa katikati wametujengea ukumbi mpya wa mviringo. Sufuria iliyopinduliwa! Madirisha hayafunguki, kuta zimejikunja kama zinaumwa na tumbo. Ukumbi ule wa zamani ndimo nilimofungia ndoa. Huu hata kuku hakubali kutagia ndani. (Lakini mlango wake mkuu nilitaka niuchonge mimi. Niliutaka vibaya. Seremala naye ana njaa ya jina, msinihukumu.)

Asubuhi kamati ilituita mafundi humo ukumbini itangaze ni nani atapewa huo mlango. Nikabeba kipande changu cha mvule, nimekichonga wiki mbili nzima. Nikaketi nyuma kabisa, kichwa karibu na ukuta, pamoja na Kamau fundi viatu, rafiki yangu, aliyekuja kunishangilia. Mbele, kwenye ukuta wa ng'ambo, walikaa Mama Wanjiru, mwenyekiti wa kamati, na kijana aliyeuchora ukumbi. Amevaa viatu bila soksi!

Nikamnong'oneza Kamau: "Huyu dogo alichora hii kitu akiwa na homa."

"Nyamaza, Mutua."

"Ama alikopi kofia ya Mama Wanjiru. Cheki vizuri, ni kitu moja!"

Kamau akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikapata moto. "Badala ya mlango wangeniambia niwachongee kifuniko."

Kule mbele, Mama Wanjiru akavua kofia. Polepole. Akaigeuzageuza. Kisha, bila kipaza sauti, akanong'ona, na sauti ikanifikia kama ameketi begani kwangu:

"Mutua, tumekuskia. Yote."

Kumbe kuta zile hubeba mnong'ono kutoka upande mmoja mpaka wa pili! Yule kijana akatabasamu. "Ndiyo maana zimepinda, mzee."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kamau naye, msaliti, ndiye aliyecheka zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mlango amepewa Musyoka. (Musyoka! Hata mwiko hajui kuchonga.) Nikiwa natoroka, Mama Wanjiru akaniita.

"Usiende bure, fundi. Kuna kibao tunataka utuchongee. Kitawekwa pale ulikuwa umekaa."

Ndicho ninachokichonga sasa hivi, herufi kubwa: UKINONG'ONA HAPA, MBELE WANASIKIA.

Mkija harusini humo mkakiona, someni mpite. Msiulize fundi ni nani.